Paa Lina Pande Mbili

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walisema wahenga, lakini wahenga hao hawakuwahi kukaa Keweenaw, rasi ya migodi na baridi huko kaskazini. Huko mgeni ni theluji, na jembe anakupa yeye. Hufika mwezi wa kumi na moja, watoto wakaishangilia, watu wazima wakajifanya hawajaiona. Ikifika mwezi wa pili imeshajifanya mwenye nyumba, na hakuna mwenye ubavu wa kuiambia iondoke.

Ijumaa hiyo asubuhi Helvi Karvonen alisimama uani, glavu mkononi, akilitazama paa la nyumba yake. Theluji iliyolala juu yake ingemfika mtu kiunoni. Ya chini kabisa ilikuwa ya kabla ya Krismasi, imeshageuka barafu; ya katikati ilikuwa ya mwezi wa kwanza, nzito kama mchanga uliolowa; ya juu ilikuwa ya jana, laini kama unga. Helvi alikuwa na miaka sitini na mitatu na alikuwa amechoka. Uchovu wenyewe haukuwa wa asubuhi hiyo. Tangu mumewe avunjike nyonga, yeye ndiye aliyepasua kuni, aliyezoa majivu, aliyechimba njia ya kwendea sauna, kibanda cha kuogea mvuke, na ya kutokea barabarani, aliyemwogesha mzee na kumvisha soksi. Kilichobaki ni paa, na paa alikuwa akiliahirisha kama mtu anavyoahirisha kung'oa jino.

Kisa cha nyonga ni kifupi. Taisto, mumewe, alitoka sauna mwezi wa kumi na moja, mwili unafuka mvuke, miguu mitupu, akateleza kwenye kizingiti. Mtu aliyefanya kazi mgodini ujana wake wote bila kupata hata mchubuko wa maana, akaangushwa na kizingiti chake mwenyewe. Sasa alikuwa na magongo mawili na kiti kando ya dirisha la jikoni. Ndevu hakunyoa. Gazeti alilifungua, akalitazama ukurasa ule ule mpaka chai ikapoa.

Helvi angeweza kuliahirisha paa tena, lakini kesho yake ilikuwa Jumamosi. Kijijini kwao, paa la mtu likielemewa na mwenyewe haonekani juu, majirani huja Jumamosi na mabeleshi yao bila kualikwa. Hawasemi neno. Hupanda, husafisha, hushuka, hunywa kahawa, huenda zao. Ni wema mtupu, na hakuna anayeuliza malipo. Lakini kila mtu anajua maana yake. Walikwenda kwa mzee Sulo Pelto, na kiangazi kilichofuata nyumba ya Sulo ikawekewa kibao cha kuuzwa. Walikwenda kwa Impi, mjane wa yule fundi wa bomba, na Impi sasa anaishi kwenye chumba kimoja mjini, anatazama maegesho ya magari. Majirani wakishapanda paa lako, umekwisha. Hakuna aliyewahi kulisema hilo kwa mdomo, na kwa hiyo hakuna aliyeweza kulipinga.

Nao akina Karvonen walikuwa na binti yao Ritva, huko Milwaukee, aliyekuwa amewatafutia nyumba ya ghorofani yenye lifti. Kila Jumapili alipiga simu kuisifia hiyo lifti.

"Wakija kesho," Taisto alikuwa amesema wakati wa chai, bila kumtazama mkewe, "mimi nitaingia chumbani nilale. Uwaambie nimekufa."

"Siwezi kuwaambia umekufa, watataka kukuzika."

"Ardhi imeganda. Watasubiri mpaka mwezi wa tano."

Alisema kwa utani, lakini alikuwa anakoroga chai isiyo na sukari, na Helvi aliona. Akamfahamu. Mwanamume huyu angeweza kuishi na nyonga mbovu, angeweza hata kuishi na lifti, lakini siku atakaposikia buti za jirani Wilho Raisanen juu ya kichwa chake atavunjika mahali ambapo daktari hawezi kupafikia. Hapo ndipo Helvi alipoamua kupanda mwenyewe.

Taisto alibisha, kisha akachoka kubisha. Kwa miaka yote ya ndoa yao paa lilikuwa lake kama jiko lilivyokuwa la Helvi, wala hakuna aliyeingia kwa mwenzake bila kelele.

"Unaikumbuka kanuni?" aliuliza.

"Naikumbuka."

"Itaje."

"Mzee, mimi si mtoto wa shule."

"Itaje hivyo hivyo."

Helvi akavuta pumzi. "Mstari mmoja kusini, mstari mmoja kaskazini. Nisimalize upande mmoja nikauacha mwingine."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu nyumba ni kuukuu kuliko wewe, na wewe mwenyewe kusimama huwezi."

Taisto akacheka, mara ya kwanza wiki hiyo, akajishika nyonga.

Kanuni yenyewe haikuwa ya mzaha. Punda ukimjaza mzigo ubavu mmoja ataanguka, na nyumba ni vivyo hivyo. Ukiliondolea paa mzigo upande mmoja tu, upande wa pili unazisukuma kenchi, na kenchi za nyumba ile zilikuwa mbao za zamani alizozipigilia baba yake Taisto baada ya zamu mgodini, kwa macho mazito na misumari mingi. Kila mtoto wa Keweenaw anaijua kanuni hiyo. Ndiyo maana anayeivunja huwa ni mtu mzima.

Helvi alipanda ngazi, akavuta beleshi kwa kamba. Lilikuwa beleshi la bati, pana kama karai, lenye mpini wa kushika kwa mikono miwili, kwa kuwa theluji ya huko hairushwi, inasukumwa. Akakanyaga. Akazama hadi mapajani. Akakaa hivyo kwa muda, nusu mtu nusu theluji, akilitafakari paa lote lile na mikono yake miwili, na nusura alie. Kisha akaona kwamba kulia huko juu ni kupoteza nguvu, akaanza.

Mstari wa kwanza ulikuwa adhabu. Kata kushoto, kata kulia, kata nyuma, ingiza bati chini, sukuma. Donge likasogea, likakwama, likasogea tena, likatoweka ukingoni. Kimya kidogo. Kisha chini uani: bwata. Alipofika mwisho wa mstari jasho lilikuwa limemlowesha shati la sufu na miguu ilikuwa baridi, mwili mmoja wenye majira mawili. Kisha ilibidi kuvuka mgongo wa paa kwenda kaskazini kwa magoti na viganja, beleshi likiburutwa nyuma, na huko kaskazini jua halikufika na theluji ilikuwa ngumu kama mkate wa juzi. Akafanya mstari wa kaskazini. Akavuka tena. Kusini, kaskazini. Kila alipovuka alisikia magoti yakimlaumu, na hakuwa na la kuyajibu.

Wapi hasa mambo yalipogeuka, mwenyewe hakujua. Alikuwa kusini tena, jua limetoka, na mikono ilikuwa imeacha kuuliza la kufanya. Kata, kata, kata, ingiza, sukuma. Bwata. Madonge yalianza kutoka ya mraba, yenye pembe. Ukuta wa theluji alioukata nyuma yake ulikuwa umenyooka kama uliopimwa kwa uzi, na ndani yake zilionekana tabaka za majira yote, nyeupe, kijivu, nyeupe, majivu ya jiko lake mwenyewe yakiwa yamechora mistari myembamba. Chini yake vigae vya lami vilikuwa vinatokea, vyeusi, vinang'aa, vikianza kutoa mvuke juani. Helvi alisimama kuvitazama. Majira yote ya baridi alikuwa amefanya kazi zisizobaki. Kuni zinaungua, majivu yanarudi, njia inajaa theluji kabla hajafika mlangoni, mzee anachafuka tena. Hii hapa ilikuwa kazi unayoiona. Kilichoondoka kimeondoka, tena kwa kishindo.

Mstari mmoja zaidi kabla ya kuvuka, akajiambia. Kisha mmoja zaidi. Bandu bandu huisha gogo, na magoti yalishukuru. Hakutaka kukiri kwamba alikuwa anafurahi, kwa sababu mgongo ulikuwa unauma kweli kweli na furaha haikuwa imealikwa. Lakini alikuwa anafurahi. Alikuwa hata anaimba puani wimbo wa kanisani, ule wa mazishi, kwa sababu ndio wenye mwendo wa beleshi.

Akaumaliza upande wote wa kusini.

Nyumba ikalia. Haikuwa sauti kubwa, ilikuwa mlio mrefu wa chini, kama mtu mzima anayenyanyuka kitini, na aliusikia kwa nyayo kabla ya masikio. Kisha kutoka ndani, dari ikagongwa kwa mpini wa ufagio, kwa fujo, na sauti ya Taisto ikapenya mbao na vigae.

"Helvi. Kaskazini. Nenda kaskazini, mama, nenda sasa hivi."

Aliduwaa. Kosa ambalo mtoto wa shule angelicheka, naye alilitenda saa chache tu baada ya kuitaja kanuni kwa sauti. Aibu ilimpanda usoni, moto mtupu katika baridi ile. Akavuka mgongo wa paa kwa tumbo. Upande wa kaskazini ulikuwa umejaa bado, mzito, umekaa kimya, na mistari michache aliyoifungua mwanzoni ilionekana kama mikwaruzo tu. Akaanza juu, polepole, akisukuma madonge madogo madogo ili asiutikise mzigo wote kwa mpigo. Hapa hapakuwa na wimbo. Alikuwa na hofu, na hofu ilimwongoza vizuri kuliko furaha.

Asichokijua ni yaliyokuwa yakitokea jikoni. Taisto alikuwa amejikokota hadi mlangoni ili atoke, na mlango haukufunguka. Fremu ilikuwa imepindishwa na uzito wa paa, ikaubana. Akauvuta mpaka gongo moja likamponyoka. Kisha akaiangalia simu ukutani.

Helvi alikuwa ameshaumaliza mstari baada ya mstari, na nyumba ilikuwa imeacha kulia, aliposikia pikapu. Aliitambua kwa kikohozi chake kabla ya kuiona. Ilikuwa ya Wilho Raisanen, jirani yao wa barabara ya pili, na ndani yake walikuwamo shemeji zake wawili, wale mapacha, watu wakubwa wenye kofia ndogo. Wakateremka. Kila mmoja alikuwa na beleshi begani.

Helvi akayahesabu mabeleshi. Jumamosi ilikuwa imekuja Ijumaa.

"Shemeji," Wilho aliita, mkono juu ya macho. "Hujambo huko?"

"Sijambo. Mmepotea njia?"

"Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Sisi tumekuja kungoja."

Mapacha wakacheka. Helvi hakucheka.

"Nani kawaita?"

Wilho akayatazama magoti yake mwenyewe. "Mzee kapiga simu."

"Mzee gani?"

"Shemeji, kwani unao wangapi?"

Helvi akakaa chini kwenye theluji, papo hapo. Kwanza alikasirika, na hasira ilikuwa tamu kwa kuwa ilimpumzisha. Hakuniamini, akawaza. Mimi niko huku nakufa ili asiaibike, na yeye amekaa na simu.

"Alisemaje?" aliuliza.

"Alisema, njoo Wilho, mke wangu yuko juu na nyumba inalia. Akarudia. Kisha akasema tafadhali." Wilho akasita. "Nimekaa na Taisto mgodini miaka mingi, shemeji. Hajawahi kuniomba hata chumvi."

Hasira ikamtoka Helvi bila kuaga. Akamwona Taisto amesimama kwa mguu mmoja mbele ya simu ile, ndevu hazijanyolewa, akizungusha namba za mtu ambaye buti zake asingependa kuzisikia hata kaburini. Kile kitu alichopanda kwenda kukilinda, mwenyewe alikuwa ameshakitupa, tena kwa tafadhali, asije mkewe akaanguka. Hapakuwa na cha kulinda tena. Helvi alihisi machozi, akayaacha yatoke kwa sababu chini hawangeyaona.

"Basi shuka," Wilho alisema kwa upole. "Kanywe kahawa. Hii iliyobaki ni ya dakika chache kwetu."

Ilikuwa kweli. Mwili wote wa Helvi ulisema ndiyo. Vidole haviwezi kufunguka, mgongo umekuwa kama ubao, kiu inamchoma. Na sababu ya kuwa juu haikuwapo tena. Akaangalia kilichobaki: kipande cha kaskazini, kutoka bomba la moshi hadi ukingoni. Akawaangalia mapacha na buti zao. Watapanda, watakanyaga huku na huku, watakwangua kwa haraka, watapiga soga, na ukuta wake ulionyooka watauvunja bila hata kuuona. Akashikwa na wivu, wala hakuna jina jingine la kuupa. Majira yote ya baridi hakuna kitu alichokuwa na wivu nacho.

"Ingieni ndani," akasema. "Kahawa iko jikoni. Mkate wa iliki uko kwenye kopo la bluu."

"Na wewe?"

"Mimi nina kazi."

"Shemeji, watu watatusema. Wanaume watatu wanatafuna mkate, mama yuko juu ya paa."

"Watasema mmeshiba."

Pacha mmoja akaweka mguu kwenye ngazi. Helvi akasukuma beleshi hadi ukingoni, donge kubwa likining'inia juu ya ile kofia ndogo.

"Panda," akamwambia. "Panda tu, mwanangu, nikubatize upya."

Pacha akauondoa mguu. Wakashauriana kwa macho, kisha wakaenda mlangoni, na ilibidi wote watatu waupige kwa bega ndipo ukafunguka. Helvi akasikia sauti zao ndani, na ya Taisto katikati yao, ya chini. Kisha akasikia vikombe.

Kilichobaki alikifanya polepole, kwa kuwa kasi haikuwamo tena mwilini. Kata, pumzika. Ingiza, pumzika. Hakuimba, na hakuwa na hofu, na furaha ile ya asubuhi nayo haikurudi kama ilivyokuwa. Kilichokuja badala yake kilikuwa kizito na kimya zaidi: alikuwa anajua anachokifanya. Alijua donge lipi litateleza lenyewe na lipi litataka goti. Alijua kwa mlio wa bati kama chini ni barafu au kigae. Hakuna aliyemfundisha hayo kwa kugonga dari. Donge la mwisho lilikuwa dogo, la pembeni, halikuwa na uzito wa maana. Akalisukuma kwa buti.

Bwata.

Akasimama na beleshi lake. Paa lote lilikuwa jeusi, pande zote mbili, na lilikuwa linafuka mvuke. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hakuweza kutabasamu, lakini aliridhika, na alijisemea hivyo waziwazi, kwa sauti: nimeridhika.

Mlango ulifunguka bila kusukumwa na bega la mtu. Taisto akatoka, magongo mawili, koti juu ya nguo za kulalia, na nyuma yake Wilho na mapacha na mikate yao. Akatembea hadi katikati ya ua, akainua kichwa. Alilitazama paa kwa muda mrefu, kipande kwa kipande, kama mtu anayekagua farasi wa kununua.

"Nyuma ya bomba umeacha," akasema.

Helvi akaangalia. Kweli, alikuwa ameacha. Akaenda akaitoa theluji ile.

Taisto akakohoa. "Nilipiga simu," alisema.

"Nimesikia."

"Niliogopa."

"Na mimi niliogopa. Nilikosea, mzee. Nilinogewa upande mmoja."

Taisto akatikisa kichwa polepole, si kwa lawama. Uso wake ulikuwa umelegea, mzee zaidi, na kwa namna fulani mwepesi zaidi. "Mwakani," akasema, "Mungu akipenda, nyonga ikishapona, nitapanda mwenyewe. Hutateseka tena hivi."

Sentensi hiyo Helvi alikuwa ameiombea tangu mwezi wa kumi na moja. Aliiombea jioni, aliiombea akipasua kuni. Sasa ilikuja, na kitu kifuani mwake kikafunga ngumi. Alitaka nyonga ile ipone, alitaka kwa moyo wake wote. Ila paa hakutaka kulirudisha. Aliona aibu kidogo kulijua hilo, kisha akalisema hivyo hivyo.

"Ukipona utanishikia ngazi."

Mapacha wakaacha kutafuna. Wilho akaligeukia gari lake, akalikagua tairi ambalo halikuwa na kasoro yoyote. Tangu waoane, Helvi ndiye aliyekuwa akisimama pale chini, mikono kwenye chuma baridi, shingo ikimuuma kwa kutazama juu, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kama anapenda.

Taisto akaiangalia ngazi. Alisogeza gongo moja, kisha la pili. Akaja hivyo, taratibu, hadi ukutani. Akayaegemeza magongo yote mawili kwenye lundo la theluji alilolishusha mkewe, akajinyoosha kwa uchungu unaoonekana, akaishika ngazi kwa mikono miwili.

"Haya shuka," akasema. "Nimeishika."

Helvi akageuka, akaanza kukitafuta kipago cha kwanza kwa ncha ya buti.